Nakala Rudufu, Chelezo au Akiba?

Katika barua, nyaraka na miongozo inayopita maofisini siku hizi, dhana moja ya kompyuta inatembea na majina manne. Mwandishi mmoja huiita nakala rudufu, mwingine chelezo, wa tatu nakala hifadhi. Na wa nne, ambaye hana nafasi ya kungoja wanaistilahi wapatane, huandika bakapu na kuendelea na shughuli zake. Wote wanakusudia kitu kimoja, yaani ile nakala ya data iwekwayo kando ili mashine ikiharibika, ikiibwa au ikiungua, kazi isianze upya.

Wingi wa visawe si aibu kwa lugha, na mara nyingi ni busara kuyaacha matumizi yachuje yenyewe. Istilahi za kinga, hata hivyo, zina sheria yake. Mtu asiyejua kama aseme kipanya au puku hapati hasara yoyote, maana chombo kipo mezani na mkono wake unakijua. Lakini mtu aliyeelewa vibaya agizo la kuweka nakala hagundui kosa lake siku ile, wala juma lile. Huligundua siku mashine inapokataa kuwaka, na siku hiyo hakuna kamusi itakayomsaidia. Kwa hiyo hatutauliza hapa ni neno lipi lina sauti nzuri zaidi, wala lipi ni la Kibantu na lipi limetoka Uarabuni. Tutauliza swali moja tu: yule aliyepokea agizo lenye neno hilo, asiye na fundi wa karibu wa kumwuliza, atafanya nini?

Tumchague basi msomaji wa kupimia. Yuko Masagati, kata iliyo pembezoni mwa Bonde la Kilombero, mbele ya Mlimba ukitokea Ifakara, mkoani Morogoro. Reli ya TAZARA inapita Ifakara na Mlimba, lakini haifiki kwake. Masika yakikolea, barabara za upande ule hupitika kwa taabu, na fundi wa kompyuta hawezi kuitwa asubuhi akawasili jioni. Bonde lenyewe ni kisima cha umeme wa taifa: mtambo wa Kidatu una uwezo wa megawati 204, na ule wa Kihansi, chini ya milima ya Udzungwa, megawati 180. Hata hivyo, ujirani na mtambo si dhamana ya taa. Hatuyasemi haya kwa kulalamika, maana hiyo si kazi ya jarida hili. Twayasema kwa sababu istilahi nyingi za kompyuta hutungwa na watu wenye umeme kwa ajili ya watu wenye umeme, na upungufu wake hudhihirika pale tu unapokatika.

Msomaji wetu huyo tumfanye mhudumu wa zahanati. Mezani pake pana vitabu vya MTUHA, navyo vyastahili neno. MTUHA ni Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya, ulioenea nchini tangu miaka ya 1990. Na ni mojawapo ya vifupisho vichache vya kitaalamu ambavyo vimezaliwa katika Kiswahili na kubaki katika Kiswahili, hata muuguzi asiyekumbuka kirefu chake hujua kitabu cha MTUHA ni kipi, hujazwa nini, na hufungiwa wapi. Yaliyomo katika vitabu hivyo hujumlishwa kila mwezi na kuingizwa katika mfumo wa kompyuta wa wizara. Humo mna mama aliyejifungua, mtoto aliyechanjwa, mgonjwa aliyekufa. Kwa wengi wa watu hao, mstari ule wa kalamu ndio ushahidi pekee ulioandikwa kwamba jambo hilo lilitokea.

Sasa mhudumu huyo apewe kompyuta, na pamoja nayo apate barua yenye sentensi hii: hakikisha kila juma unatengeneza nakala rudufu ya data zako.

Neno rudufu si geni kwake, na hapo ndipo tatizo linapoanzia. Walimu wetu watakuwa wa kwanza kulikumbuka. Kwa miaka mingi katika shule zetu palikuwa na mashine ya kurudufu, ile ya stensili na wino mweusi uliochafua vidole, na kazi yake ilikuwa kuzidisha karatasi za mtihani ili zigawiwe. Kurudufu, katika fikra za watu waliopita shule hizo, ni kutoa nyingi kutokana na moja. Nakala zilizorudufiwa zote hukaa chumba kimoja, hufungwa katika bahasha moja, na mtihani ukiisha hazina kazi tena. Mhudumu wetu akiifuata maana hiyo, nayo ndiyo maana iliyo katika kamusi, ataifungua kompyuta yake, atalinakili faili, atalibandika kando ya lile la kwanza na kuliita la pili. Amerudufu. Agizo amelitimiza neno kwa neno. Mashine hiyo ikipigwa na radi, mafaili yote mawili yatakwenda pamoja.

Tunasisitiza kwamba mhudumu huyo hakukosea. Neno ndilo lililopungukiwa. Nakala rudufu yatueleza idadi, kwamba vitu ni viwili; haituelezi mahali, wala kusudi, wala nini kifanyike siku ya siku. Waliolipendekeza waliangalia kitu kilivyo wakasahau kuangalia kitu ni cha nini. Nakala hifadhi yakaribia kidogo, lakini kitenzi kuhifadhi kimekwisha kubebeshwa mizigo mingi: ndicho tunachokitumia kwa kubonyeza kitufe ili maandishi yasipotee, ndicho cha kutunza nyaraka za taifa, ndicho cha mbuga za wanyama. Mtu akiambiwa ahifadhi data atabonyeza kile kitufe na kuona amemaliza.

Kabla ya kulitazama chelezo, yafaa tuangalie jinsi kazi hiyo ilivyofanywa katika bonde hilihili kabla watu hawajaanza kugombania jina lake. Mjini Ifakara, mwaka 1957, Mswisi Rudolf Geigy wa Basel alianzisha maabara ndogo ya utafiti wa magonjwa ya nchi za joto. Maabara hiyo ilikua, ikabadilika majina na wenyewe, na leo ni Taasisi ya Afya Ifakara. Mwaka 1996 taasisi hiyo ilianza ufuatiliaji wa watu katika vijiji vya Kilombero na Ulanga: kila kaya iliandikwa, na wadadisi wakawa wakirudi mara tatu kwa mwaka kuuliza nani amezaliwa, nani amefariki, nani amehamia na nani amehama. Majibu yaliandikwa kwa kalamu katika madaftari, kisha yakaingizwa katika kompyuta.

Thamani ya kumbukumbu za namna hiyo haiko katika siku moja. Iko katika mfululizo wake. Mwaka 2001 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanywa katika vijiji hivyo kuhusu vyandarua vyenye dawa, yakionyesha kwamba uhai wa watoto wa kuanzia mwezi mmoja hadi miaka minne uliongezeka kwa asilimia 27 miongoni mwa waliovitumia. Hesabu hiyo isingewezekana kama vizazi na vifo vya miaka ya nyuma vingekuwa vimepotea, hata vya miezi michache tu, maana mtoto ambaye kifo chake hakikuandikwa huonekana katika hesabu kana kwamba yu hai. (Chandarua chenyewe kiliuzwa kwa jina la Zuia Mbu. Twalitaja hapa kwa wivu wa kikazi. Aliyelitunga hakutafuta nomino ya kitaalamu. Alichukua amri ya maneno mawili, na mnunuzi akajua kazi ya kitu hicho kabla ya kukifungua.)

Katika mpango wa daftari na kompyuta, karatasi ilikuwa ni kinga ya mashine, na mashine ni kinga ya karatasi. Kompyuta ikifa, yaliyomo yangeweza kuingizwa tena kutoka katika daftari, kwa kazi ndefu na ya kuchosha, lakini yangeweza. Daftari likilowa njiani, yaliyokwisha kuingizwa yalikuwa yamebaki. Tukiichambua kinga hiyo twaiona ina tabia tatu. Nakala ya pili haikai pamoja na ya kwanza. Haiharibiwi na jambo lilelile linaloiharibu ya kwanza, kwani maji hayali umeme na umeme hauli karatasi. Tena yaweza kurudishwa mahali pa ile iliyopotea. Nakala isiyo na tabia hizo ni nakala tu. Siku hizi wadadisi na makarani wengi nchini wanakwenda vijijini na vishikwambi bila daftari, na ile kinga iliyokuja bure pamoja na karatasi sasa hapana budi iagizwe kwa maneno. Kadiri karatasi inavyoondoka, ndivyo mzigo wa istilahi unavyokuwa mzito.

Sasa tuje kwenye chelezo. Neno hili limeenea kupitia simu. Katika baadhi ya programu za kupelekeana ujumbe utalikuta kwenye orodha ya mipangilio. Kwa asili ni neno la watu wa bahari. Ni kielezi cha mvuvi, boya, kitu chepesi kinachoelea juu ya maji na kuonyesha mahali palipo wavu au nanga; umbo lake latokana na kuelea, kiambishi ki- kikigeuka ch- mbele ya irabu. Hatuna budi kukiri kwamba taswira hiyo ina nguvu. Chombo kikizama, chelezo hubaki juu. Aliyelichagua alikuwa na sikio.

Lakini yapo mambo matatu yanayotutia shaka. La kwanza ni la sarufi. Kwa kuwa neno hili ni la ngeli ya ki-vi, wingi wake ni vyelezo. Nasi katika skrini za simu twasoma chelezo za hiki na chelezo za kile, kana kwamba ni la ngeli ya i-zi. Mtumiaji akijaribu kusahihisha na kusema vyelezo, msikilizaji atasikia vielezo au vielelezo, vitu ambavyo karani wa mahakama na mwalimu wa darasani wanavitumia kila siku kwa maana nyingine kabisa. La pili ni la taswira yenyewe. Boya laonyesha mahali pa kitu kilichozama, halikirudishi. Mvuvi akiona chelezo bado ana kazi ya kupiga mbizi. Tena chelezo hufungwa kwa kamba kwenye kitu kilekile kinachokilinda, ilhali tumekwisha kuona kwamba kinga ya data huanzia kwenye kutenganishwa.

La tatu ni kitenzi. Istilahi ya kazi ambayo haina kitenzi hufa au huzaa kitenzi chake haramu, na kutoka chelezo watu wameanza kusema kucheleza. Hapa tumekuta jambo la kufurahisha. Kiswahili kina kitenzi cheleza tangu zamani, wala hakina undugu na kuelea. Kimetoka katika -cha, ile ya kucha na kupambazuka, ambayo pia ndiyo mama wa kuchelewa, yaani kukutwa na asubuhi. Kucheleza ni kukilaza kitu hadi kuche, kama mtu anavyoweka chakula cha usiku ili apate cha asubuhi. Tungekuwa na uhuru wa kutunga bila kujali watu, tungesimama hapo na kutafuta zaidi, kwa sababu maana hiyo ni karibu sana na tunayoitaka: mpaka asubuhi kitu kiwepo. Lakini kitenzi hiki hakisikiki sana siku hizi, na kukifufua huku nomino iliyofanana nacho ikiwa na asili nyingine na maana nyingine ni kumtaka mtumiaji ajue historia ya maneno ndipo afanye kazi yake. Mhudumu wa Masagati hatuna haki ya kumdai hayo.

Watakuwepo watakaosema kwamba katika hali hiyo bakapu yatosha. Hatuicheki hoja yao. Neno linajulikana, fundi wa simu wa sokoni Ifakara hulisema, na mteja ambaye simu yake yataka kuflashiwa huulizwa kama anayo. Tena kuazima ni njia halali ya kukuza lugha, na data, faili na kompyuta yenyewe yameingia hivyo bila kudhuru kitu. Ila neno la kuazima hufaa zaidi pale ambapo kitu kinaonekana na kushikika. Hapa tunalotaja ni tendo, tena tendo ambalo umuhimu wake wote uko katika jinsi linavyofanywa. Bakapu haimwambii neno asiyejua tayari.

Kwa upande wetu twaelekea kwenye neno ambalo lilikuwapo wakati wote, nalo ni akiba. Lina mzigo wa fedha, ni kweli, na mtu akisikia kuweka akiba hufikiri kwanza benki au chama cha kuweka na kukopa. Lakini litazame linavyofanya kazi kwingineko. Jeshi la akiba ni lile linaloitwa pale hali inapotaka. Mchezaji wa akiba hayumo uwanjani. Yuko nje ya mstari, amevaa jezi, amefanya mazoezi na wenzake, naye akiingia hushika nafasi ya aliyeumia na mchezo huendelea. Kila mtoto wa Ifakara aliyewahi kutazama kandanda anajua kwamba mchezaji wa akiba si nakala ya pili ya mchezaji iliyosimama uwanjani kando ya mwenzake. Tabia zile tatu tulizoziona katika daftari la karatasi zote zimo: kutengwa, kutoumia pamoja, na kuweza kuingia. Mkulima wa mpunga naye ana kisa kama hicho. Mbegu ya msimu ujao haiwi katika gunia lilelile la kula.

Kwa hiyo tunapendekeza nakala ya akiba kwa kitu, na kuweka nakala ya akiba kwa tendo. Rudufu ibaki kwa kazi yake ya halali, ya kuzidisha. Chelezo lirudi baharini, ingawa twajua simu hazitatutii upesi.

Upungufu wa akiba tunauona, na tusipousema sisi wasomaji wetu watausema. Methali yetu yasema akiba haiozi. Akiba ya kompyuta huoza. Diski iliyofungiwa kabatini miaka mitatu yaweza kukataa kusomeka, na faili lililowekwa vizuri laweza kuwa limeandikwa kwa programu ambayo haipo tena. Kwa sababu hiyo istilahi ya pili ni ya lazima kama ya kwanza, nayo ni kurejesha, pamoja na jaribio la kurejesha: kuichukua nakala ya akiba wakati mambo ni salama na kuona kama inafunguka. Tumeona miongozo inayotaja kuweka bila kutaja kurejesha hata mara moja. Huo ni mwongozo nusu. Kati ya kurejesha na kurudisha twachagua la kwanza, si kwa sababu ya usanifu bali kwa sababu kurudisha katika ofisi za serikali kuna maana yake ya kila siku: kumrudishia mtu barua au fomu kwa kuwa haikukamilika.

Hadi hapa tumesema juu ya kinga. Istilahi za hitilafu yenyewe ziko katika hali mbaya zaidi, maana huko hakuna wingi wa majina. Kuna jina moja linalofanya kazi za wote. Mwananchi akifika dirishani huambiwa: mtandao hakuna. Umeme umekatika, mtandao hakuna. Kompyuta imeganda, mtandao hakuna. Karani amesahau nywila yake, mtandao vilevile hakuna. Mtu aliyetoka Masagati, akalipa nauli hadi Mlimba au Ifakara, akalala kwa ndugu, akaambiwa hivyo na kutakiwa kurudi kesho, ana haki ya kujua ni nini ambacho hakipo. Katika hali ya kwanza angengoja saa mbili. Katika ya pili angeomba aandikwe karatasini. Katika ya tatu angemwomba mkuu wa ofisi.

Tunao ushahidi wa karibu kwamba mambo haya ni tofauti. Tarehe 1 Aprili 2024, Jumatatu ya Pasaka, Gridi ya Taifa ilipata hitilafu na sehemu kubwa ya nchi ikawa gizani. Huo ulikuwa umeme. Tarehe 12 Mei mwaka uleule intaneti ilianguka Tanzania na nchi jirani, baada ya mikongo miwili ya chini ya bahari, EASSy na Seacom, kukatika kusini mwa pwani yetu. Hayo yalikuwa mawasiliano, na mwenye data zake ndani ya kompyuta yake alizipata kama kawaida. Tarehe 19 Julai, bado mwaka huohuo, masahihisho yenye kasoro ya programu ya ulinzi ya kampuni ya CrowdStrike yaliziangusha kompyuta zipatazo milioni 8.5 duniani, umeme ulikuwepo, mikongo ilikuwa mizima, na kilichougua ni programu. Mwaka mmoja, misiba mitatu, na dirishani huenda ilitosha sentensi moja.

Twapendekeza watumishi wazoezwe kutaja kilichoshindwa kwa jina lake: umeme umekatika, mawasiliano yamekatika, mashine imeharibika, programu imekwama. Haya si maneno mapya, na hatujatunga kitu. Kilichopungua ni desturi ya kuyatumia. Hitilafu libaki kama neno mama, lakini lisiandikwe pekee katika tangazo, kwa kuwa tangazo lisemalo kuna hitilafu limesema tu kwamba kuna tangazo. Kuhusu mkongo tuna maoni mafupi. Neno hili liliingia katika matumizi ya watu wote pamoja na Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, nalo limefanikiwa licha ya kugongana na mti wenye jina hilo na kwa herufi kubwa na raia wa nchi jirani. Siku hizi, hata hivyo, linatumika kwa njia kuu na kwa waya wowote wa nuru. Tungependa njia kuu iwe mkongo na waya ubaki waya.

Wingu tunalipinga. Watafsiri wetu walikuta taswira katika lugha nyingine wakaihamisha jinsi ilivyo, na sasa watumishi wanaambiwa waweke data zao winguni. Mkulima wa Kilombero hutazama mawingu ya Udzungwa ili ajue lini yatamwagika. Ubaya wa neno, hata hivyo, si ushairi wake. Ni kwamba laficha mahali. Data iliyo winguni iko ndani ya mashine ya mtu, katika jengo, katika nchi fulani yenye sheria zake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, ina masharti juu ya kuzisafirisha taarifa za watu nje ya nchi, na yawataka wanaozikusanya na kuzichakata wazilinde zisipotee wala kuharibiwa. Mtumishi atatii vipi sharti la mahali ikiwa neno alilopewa lamwambia kwamba hakuna mahali? Seva ya mbali, ingawa haina mvuto, ni kweli. Humfanya mtu aulize: mbali wapi, na ya nani?

Twajua pingamizi la kawaida, kwamba istilahi hazishushwi kwa amri. Ni sawa. Lakini wasomaji wetu watakumbuka habari ya kishikwambi. Neno hilo lilipotokea wengi walilicheka, na magazetini waliandika tableti. Ndipo ikaja Sensa ya tarehe 23 Agosti 2022. Makarani walikwenda nyumba kwa nyumba na vishikwambi, baadaye vikagawiwa walimu, na leo hakuna mwalimu wa shule ya msingi anayehitaji kuelezwa. Neno lilipanda juu ya kazi, kazi ikalipeleka hadi vijijini. Kamusi ilifuata nyuma. Kwa hiyo mahali pa kuanzia nakala ya akiba si orodha yetu ya istilahi, bali ni ile barua ya kwanza inayokwenda na kompyuta ya zahanati.

Ili tusiwe watu wa kulaumu pasipo kutenda, tumeiandika upya ile sentensi tuliyoanza nayo, na tunaiweka mbele ya watafsiri na watumishi waipime: Kila Ijumaa weka nakala ya akiba ya kumbukumbu zako katika diski ya nje, uitoe kwenye kompyuta na kuifungia chumba kingine, na kila mwisho wa mwezi jaribu kurejesha faili moja kutoka katika diski hiyo, ukaandika katika daftari kama limefunguka. Ni ndefu mara nne kuliko ile ya kwanza. Bado hatujaridhika na diski ya nje, ambayo mtu aweza kuielewa kuwa ni diski inayokaa nje ya nyumba, na wajumbe wawili kati yetu wanapendelea diski ya kuchomeka. Maoni ya wasomaji yatapokewa hadi toleo lijalo.